Mtihani wa Kutoangaliana

Haya niliambiwa na Triza, mke wa Wanyonyi, Jumapili iliyopita, tukiwa tumeketi kwenye benchi la nje ya kanisa tukingoja mvua ipungue ndipo kila mtu ashike njia yake. Alinieleza polepole, akirudi nyuma kila aliposahau kitu, na mimi sikumharakisha. Mvua yenyewe haikuwa na haraka.

Triza na Wanyonyi wanakaa Huruma, ghorofa ya nne, vyumba viwili. Chumba cha mbele kina meza, viti vitatu na jiko la gesi. Cha nyuma kina kitanda, na kati ya vyumba hivyo hakuna mlango, kuna pazia. Wanyonyi anafanya kibarua Industrial Area, kwenye kiwanda cha maboksi. Binti yao mkubwa ni Nafula, ana miaka ishirini na moja, anasomea maigizo katika chuo kimoja mjini.

Siku hizo walikuwa na mgeni. Asenath, mama mzazi wa Triza, alikuwa ametoka Kimilili kuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanywa, la kushoto lilikuwa linangoja tarehe yake. Miaka mitatu mama huyo alikuwa haoni ila ukungu. Sasa jicho moja limefunguka, anaona mpaka mende aliye kwenye kona ya dari, na hapo ndipo taabu ya Wanyonyi ilipoanza.

Maana kwetu sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawalali paa moja. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ni kubwa kuliko ile ya kusalimiana. Sasa paa la nyumba ya Huruma ni moja kwa watu mia mbili, kwa hivyo wazee walipopigiwa simu walisema basi, angalau usiwe mlango mmoja. Wanyonyi akahamisha blanketi lake, akawa analala kwa Masinde, rafiki yake wa ghorofa ya kwanza.

Lakini nguo zake zilikuwa juu, na chakula kilikuwa juu. Kwa hivyo kila jioni ilikuwa hivi. Wanyonyi akifika ghorofa ya tatu anakohoa. Akifika mlangoni anakohoa tena. Asenath akisikia kikohozi cha kwanza anavuta leso mpaka kwenye paji la uso. Akisikia cha pili anageuza kiti kikaangalia ukuta. Wanyonyi anaingia bega likiwa ukutani, anaweka mkate mezani, anachukua shati lake kwenye msumari, anatoka hivyo hivyo kama kaa. Wakiwa na neno la kuambiana, wanalipitisha kwa Triza. Triza asipokuwepo, wanalipitisha kwa vyombo.

"Jiko," Wanyonyi anasema, "mama amekula?"

"Pazia," Asenath anajibu, "mwambie amekula, na ugali ulikuwa mgumu kidogo."

Triza alisema wiki ya kwanza alikuwa anacheka mpaka anatoka nje. Wiki ya pili alizoea.

Sasa Nafula. Chuoni walikuwa wamepewa kazi moja, kila mwanafunzi atengeneze onyesho lake mwenyewe juu ya kuangaliana. Si mchezo wa kukariri maneno. Onyesho ambalo mtu anafanya jambo mbele ya watu, nao wanalitazama, na jambo lenyewe ndilo linalosema. Nafula alifanya kama wenzake. Aliweka viti viwili, akaketi kimoja, akaita mtu yeyote aje aketi kile kingine waangaliane macho kwa macho dakika mbili. Watu sita walikuja. Kila aliyekuja, macho ya Nafula yalishikilia kidogo kisha yakaanguka chini. Wa sita alikuwa mwalimu wao, Madam Waruguru, na kwa huyo macho hayakuinuka hata mara moja.

"Nafula," Madam alimwambia mbele ya darasa, "leo umetuonyesha viatu vyako. Ni viatu vizuri. Lakini sikuja kuangalia viatu."

Alimpa nafasi moja ya kurudia, wiki mbili. Onyesho liwe la dakika ishirini, popote anapotaka, si lazima jukwaani. Likianza halisimami. Akigeuka kuongea na watazamaji, au mtazamaji akimwongelesha akajibu, limeishia hapo na amefeli. Na akifeli anarudia mwaka mzima.

Wanyonyi alikuwa ameshasema juu ya mwaka wa kurudia. Hakusema kwa hasira. Alisema, "Mwaka wa kurudia sina. Kuna nafasi ya kufunga maboksi, unaweza kuanza hata Jumatatu." Nafula tangu siku hiyo hakulala. Mama yake alikuwa anamsikia akigeuka kwenye mkeka usiku kucha.

Alianza mazoezi. Alikwenda kwa Shiro anayeuza mboga pale chini, akamkazia macho.

Shiro akamaliza kukata sukuma, akainua kichwa. "Wewe Nafula, unaniangalia hivyo, kwani nyanya za jana zilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Basi angalia nyanya. Mimi siuzwi."

Akaenda kwa Masinde. Masinde ni mtu mpole, alikubali kuketi. Waliangaliana kitambo, kisha Masinde akaanza kupangusa jicho lake. "Kuna uchafu?" akauliza. "Niambie tu, mwanangu, usinionee aibu. Ni hili au hili?"

Alirudi juu akaketi chini karibu na kiti cha nyanya yake, akafunika uso.

"Nakuona siku hizi unawakodolea watu macho," Asenath akamwambia. "Unatafuta nini kwa nyuso zao?"

"Ni masomo, Kukhu," Nafula akajibu, yaani nyanya kwa Kibukusu.

"Hayo ni masomo?"

"Ndiyo. Natakiwa niangalie mtu nisiangushe macho. Na mimi siwezi. Nikiangalia mtu mkubwa, macho yanaanguka yenyewe."

Asenath alimgeukia. Halafu akasema, "Yalifundishwa kuanguka. Ni mimi nilimfundisha mama yako, naye akakufundisha wewe. Sasa huyo mwalimu anataka mkifanye hicho cha kuangalia, ambacho hata kuku anakiweza?"

"Ndiyo mtihani wenyewe."

"Kazi ni kutoangalia. Mimi ndani ya nyumba hii najua baba yako amesimama wapi kila saa, najua ameshika nini kwa mkono gani, najua leo amechoka au hajachoka, na sijamwona hata kidole. Huyo mwalimu wako anaweza?"

Triza alikuwa anakuna nazi, na anasema aliona Nafula akiinua uso polepole, kama mtu aliyeitwa.

Jioni ile Nafula hakula. Aliketi kwenye kona akamtazama baba yake akiingia kama kaa na kutoka kama kaa. Alihesabu vikohozi. Alitazama leso ilivyovutwa. Baba yake alipotoka akasema, "Kukhu, nikiwaigiza nyinyi itakuwa vibaya?"

Triza aliacha alichokuwa akifanya. Hapo, alisema, ndipo alipoogopa, maana mama yake ni mtu wa kufunga mzigo akarudi Kimilili na jicho moja, mambo yakimuudhi.

Asenath akafikiri. "Macho yataangaliana?"

"Hata kidogo. Dakika ishirini zote. Hilo ndilo litakuwa onyesho."

"Na nani atakuwa mimi?"

"Mimi."

"Na mkwe?"

"Kuna kijana wa darasa letu anaitwa Mugo. Yeye ameshapita mtihani wake, anaweza kunisaidia."

"Mugo," Asenath akasema. "Huyo anajua kukohoa?"

Mugo hakujua kukohoa. Aliletwa siku iliyofuata mchana, Wanyonyi akiwa kazini, akasimama kwenye ngazi akajaribu. Ni kijana wa Kayole, mrefu, mcheshi, na alifikiri ni jambo dogo.

"Hicho ni cha mgonjwa," Asenath alimwambia kutoka ndani. "Rudia."

Akakohoa tena.

"Hicho ni cha mwizi amesongwa na mwiba. Mimi nataka cha mtu anayekuja kwake."

"Kukhu, kwani hiki kikohozi kina digrii?" Mugo akauliza. "Mimi nimezoea kupiga hodi tu."

"Hodi inamwambia mtu fungua. Hiki kinamwambia mtu jifunike. Rudia."

Alirudia mpaka majirani wakauliza kama kuna mtu ana kifua. Siku ya nne Asenath akasema kinatosha. Wakapanga onyesho liwe pale pale nyumbani, chumba cha mbele, mlango na dirisha vikiwa wazi, watazamaji waketi kwenye korido na ngazini. Nafula ataketi peke yake dakika kumi akimngoja mkwe, akisikiliza nyumba. Halafu Mugo atakohoa, ataingia na mkate. Asenath atakuwa amelala nyuma ya pazia, na ameahidi hatatoa sauti. Wanyonyi hawakumwambia. Walisema ataambiwa Nafula akishapita, na asipopita hataambiwa kamwe. Siku hiyo ya Jumamosi alikuwa kazini mpaka saa kumi na moja, na onyesho lilikuwa saa tisa.

Madam Waruguru alifika na saa yake na daftari lake. Wanafunzi wanane walikuja naye. Majirani wakaongezeka. Triza alitandika mikeka kwenye korido, wanawake wakaketi miguu imekunjwa, leso mabegani kwa sababu ya baridi ya Julai. Wote walikuwa wameambiwa wasiseme neno, hata wakikanyagwa. Masinde hakupata nafasi ya kuketi, akasimama kando ya mlango, na kwa sababu alimwona mwalimu, akavua kofia akaishika kifuani.

Nafula alivaa gauni la nyanya yake na leso ya nyanya yake. Akaketi kwenye kile kiti, uso ukutani. Madam akaangalia saa, akaitikia kwa kichwa. Likaanza.

Triza anasema hakujua mtu anaweza kuketi tu na watu wakavutiwa. Lakini Nafula aliketi kwa namna ambayo kila mlio wa ngazini ulipita mgongoni mwake ukaonekana. Mtoto akikimbia ghorofa ya pili, bega linainuka. Mtu akifungua mfereji, kichwa kinainama kidogo. Wote kwenye korido wakaanza kusikiliza naye.

Sasa, kule Industrial Area, stima ilikuwa imepotea tangu saa saba. Msimamizi alingoja, akachoka, akawaambia vibarua waende nyumbani. Wanyonyi hajui lolote. Anapanda ngazi zake akifikiria kuoga.

Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu akamkuta kijana mrefu asiyemjua, ameegemea ukuta, ameshika mkate uliofungwa kwa gazeti, macho chini. Huyo ni Mugo, alikuwa anajitayarisha, na hakuwahi kumwona Wanyonyi.

"Habari, kijana. Kuna nini huko juu? Mbona viatu vingi ngazini?"

Mugo aliambiwa asiongee na mtu. Akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa polepole, akaangalia chini tena.

Wewe fikiria. Unapanda kwenda kwako. Unakuta mtu mgeni na mkate, amenyamaza, anakuonyesha unyamaze. Unainua macho kwenye uwazi wa ngazi, unaona wanawake wameketi mikekani mlangoni pako, wamejifunga leso, hakuna anayesema. Na ndani kuna mama wa mke wako, ametoka hospitali juzi.

Wanyonyi alipanda ngazi mbili mbili. Hakukohoa ghorofa ya tatu. Alipotokea kwenye korido alimwona Masinde, rafiki yake, kofia kifuani. Masinde alifungua mdomo, akakumbuka mtihani, akaufunga. Alimwona Triza. Triza alitaka kusimama, akamwona Madam na saa yake, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Nilijiziba nisiharibu," Triza aliniambia. "Kumbe ndiyo nimemaliza."

Akaingia. Hakukohoa mlangoni pia. Na pale ndani akaona mgongo, ile leso, lile gauni, kwenye kile kiti.

Alisimama. Halafu mwili wake ukafanya wenyewe. Akageuka upesi uso ukaingia ukutani kando ya mlango, bega likashika rangi ya ukuta, na hapo sasa, akiwa amechelewa kabisa, akakohoa.

Nafula alikijua kikohozi kile. Hakuna mwingine anayekohoa hivyo, na Mugo kwa mazoezi yake yote hakuwahi kukifikia. Akajua ni baba. Akajua pia kwamba akigeuka, akisema hata "baba" peke yake, amefeli, na Jumatatu anafunga maboksi. Na akinyamaza, baba yake anabaki pale na hofu yake. Watu wote kwenye korido walimwona akishikwa hapo katikati.

Basi alifanya kile ambacho nyanya yake hufanya. Akavuta leso kwenye paji la uso, akakisogeza kiti kidogo, kikakwaruza sakafu, kikaangalia ukuta zaidi.

Wanyonyi alisikia kiti kikisogea.

"Jiko," akasema. "Jiko, mama yuko?"

Nafula hakuweza kujibu. Angejibu angejulikana.

"Jiko, nauliza. Wako watu hapa nje. Mama yuko mzima?"

Madam Waruguru alikuwa ameacha kuandika. Na nyuma ya pazia, Asenath, aliyeahidi kutotoa sauti, akaona ahadi hiyo aliitoa kwa mambo mengine, si kwa haya.

"Pazia," akasema, "mwambie yuko mzima. Na anauliza kwa nini leo watu hawakohoi ngazini."

Wanyonyi aliteremka na ukuta mpaka akachuchumaa. Akaweka paji la uso kwenye ule ukuta. Triza anasema hakujua kama mumewe analia au anacheka, na anafikiri hata mwenyewe hakujua.

"Mwambie nilisahau. Mwambie nilifikiri nimechelewa."

"Amechelewa kwenda wapi?"

"Nilifikiri ameenda, jiko. Kabla ya jicho la pili."

"Jicho la pili ni tarehe kumi na nane," Asenath akasema. "Aende wapi kabla ya tarehe kumi na nane?"

Mwanamke mmoja mkekani aliuma leso yake. Wanyonyi akavuta pumzi ndefu, akaiacha yote, kama mtu anayetua gunia. Kisha, akiwa bado amechuchumaa, kitu kikamjia. Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Na kiti kile kina mtu. Hakuweza kugeuka kuangalia, kwa sababu kama ni mama mkwe, ni mkosi. Hakuweza kutogeuka, kwa sababu kama si yeye, ni nani?

"Jiko," akauliza polepole, "kwani leo mama ni wawili?"

Aliyecheka wa kwanza ni Madam Waruguru. Alijifunika na daftari, lakini bega lilimsaliti. Hapo korido ikafumuka. Nafula peke yake hakucheka. Mgongo wake ulikaa vile vile, leso vile vile. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Wanyonyi alingoja kicheko kipungue. Bado haelewi, ila ameshaelewa kwamba hakuna aliyekufa, na hilo lilimtosha. Akainuka, akafanya kile anachofanya jioni nyingine kabla ya kutoka. Akamimina chai. Akakishika kikombe, akarudi nyuma nyuma hatua tatu, mgongo mbele, akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia. Na Nafula, bila kuangalia, akanyoosha wake nyuma. Mkono mmoja ukatafuta hewani, wa pili ukatafuta hewani. Kikombe kilipita katikati. Vidole havikugusana, na chai haikumwagika hata tone.

Triza anasema wakati ule hata watoto wa ghorofa ya pili walinyamaza, ingawa hao hawakuwa wanaona kitu.

"Muda," Madam Waruguru akasema.

Nafula akashusha leso, akageuka. "Baba."

Wanyonyi akageuka. Wakaangaliana. Baba alikuwa ameshtuka, na binti alikuwa na machozi, lakini macho yake hayakuanguka.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Umevaa nguo za mama."

"Ni mtihani, baba."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kuangaliana."

Wanyonyi akaangalia watu wa korido, akaangalia ukuta wake, akarudisha macho kwa Nafula. "Mbona mimi sikuangalia mtu?"

Madam aliingia na daftari. Nafula akasimama na kikombe mkononi. Triza alimshika Masinde mkono bila kujua.

"Huyu bwana ni nani?"

"Ni baba yangu, Madam."

"Kwenye karatasi uliyoniandikia kulikuwa na kijana na mkate. Huyu hayumo."

"Hayumo."

"Alikuwa anajua?"

"Madam," Wanyonyi akasema, "mimi nilikuja matangani."

Mwalimu alisoma ukurasa wake kutoka juu. Hakuharakisha, na kila mtu alingoja naye. "Onyesho lililofanyika si lile lililoandikwa," akasema. "Hilo lazima niliandike. Lakini nilikuambia nini, Nafula? Nilikuambia ukianza usivunje. Mimi mwenyewe pale kwenye jiko ningevunja. Ningemwita baba yangu kwa jina." Akafunga daftari. "Umepita."

Nafula aliketi. Wanawake waliingia wote kwa pamoja wakamshika shika kichwa na mabega, Masinde akavaa kofia. Mlangoni akatokea Mugo, ameshika mkate wake, uso umejaa jasho.

"Nimekohoa mara nne," akasema. "Hakuna mtu amenijibu. Sasa huu mkate niupeleke wapi?"

Waliula. Wanyonyi alikuwa amemshika binti yake bega na hajui amwachie saa ngapi, akisema tu, "Umepita, eh? Umepita," na Nafula anasema, "Nimepita, baba," kisha baba anauliza tena. Juu ya maboksi hakusema neno tena, wala hakuna aliyemkumbusha.

Lakini sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Triza, mwambie mtu huyo bado ana deni la vikohozi viwili. Aende akarudi vizuri, tumalize jambo hili."

Wanyonyi akatoka bila ubishi. Akashuka mpaka ghorofa ya tatu. Watu wote kwenye korido walisikiliza. Akakohoa, kikohozi cha mtu anayekuja kwake. Akapanda, akakohoa mlangoni. Nyuma ya pazia kitanda kililia, leso ikavutwa. Akaingia bega likiwa ukutani, akachukua shati lake kwenye msumari, akatoka.

"Sasa amefika," Asenath akasema.

Mugo aliyekuwa anatafuna aliinua kidole. "Hicho ndicho kikohozi. Mimi nilikuwa nabahatisha tu."

Jioni haikuwa na mambo. Nafula alilala kabla ya chakula, pale pale kwenye mkeka na gauni la nyanya yake, mdomo wazi, na hakugeuka hata mara moja. Asenath alitiwa dawa ya matone, akauliza mara mbili ni tarehe ngapi leo, akalala. Masinde alipanda kurudisha sufuria, akasema Wanyonyi amelala tangu saa mbili na anakoroma mpaka vikombe vinalia. Naye akaaga, akaenda zake kulala.

Triza akabaki. Aliosha vikombe, akakunja mikeka ya majirani, akapanga viti. Akaja akaketi kando ya Nafula, akasema moyoni atapumzika kidogo halafu avue viatu. Kiatu kimoja alikivua. Cha pili, aliniambia, alikikuta mguuni asubuhi.